Wakili Aliyekaa Upande wa Pili wa Meza

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Mawakili.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: KUMZUIA BINTI YANGU KUULIZA MASWALI KABLA YA IJUMAA

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Najua meza yako imejaa barua za watu waliodhulumiwa na mawakili wao. Hii si mojawapo. Mimi nimedhulumiwa na wakili wa mwenzangu, ambaye kwa bahati mbaya nilimzaa mwenyewe, nikamlipia ada, na nikamfundisha kusema shikamoo.

Mimi ni fundi wa friji. Karakana yetu iko nyuma ya duka la vioo, mlango wa bati wa bluu, na humo ndani tumo wawili tangu tulipokuwa vijana wenye nywele: mimi na mwenzangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Kimya. Mimi huzungumza na wateja, yeye huzungumza na friji. Hatujawahi kuandikiana hata kikaratasi. Mambo yetu yote tumeyamaliza kwa mimi kusema na yeye kutikisa kichwa, na kwa utaratibu huo tumesomesha watoto, tumezika wazazi, na hatujawahi kununiana zaidi ya kutwa moja. Sasa Ijumaa hii, saa nne asubuhi, binti yangu anakuja na mkataba, na nisipopata msaada wako nitampoteza mwenzangu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine ni maelezo, na nitayapanga kwa namba kwa kuwa nimeambiwa mawakili hamsomi kitu kisicho na namba.

1. Kwanza kabisa, binti yangu haendi mahakamani.

Nilimsomesha sheria ili awe wakili. Wakili, kwa ninavyojua mimi na kwa anavyojua kila mwenye akili timamu, ni mtu anayevaa joho, anasimama, anasema "Mheshimiwa Hakimu", na mwizi anafungwa au anaachiwa kutegemea nani kajiandaa. Joho nilishamshonea. Fundi cherehani alikisia vipimo, akalikata kwa mabega mapana, kwa sababu nilimwambia atakayelivaa ni mtu mkubwa. Liko kabatini kwenye nailoni, linanuka dawa ya nondo.

Na alianza vizuri, nisimsingizie. Alikaa kwa wakili mmoja mzee mjini, akimbebea mafaili, na mimi nikaacha kazi siku hiyo nikaenda kukaa benchi la nyuma nimwone. Walikuwa wanashtakiana vijana wawili, marafiki wa utotoni, waliofungua kampuni ya kusafirisha mizigo kwa pikipiki. Walianza kwa kupeana mikono, wakamaliza kwa kurushiana viatu kwenye korido. Huyu anasema wazo lilikuwa lake, yule anasema pikipiki ilikuwa yake. Mama zao wamekaa benchi moja na hawasalimiani. Mimi nilifurahi sana, maana kesi ilikuwa tamu. Nikamgeukia binti yangu tufurahi pamoja, nikamkuta anajifuta machozi nyuma ya faili.

Tulipotoka nje akaniambia kwamba mahakamani watu hufika nyumba ikiwa imeshaungua, na yeye anataka awepo pale wanapowasha jiko. Nilidhani ni njaa, nikamnunulia chai. Wiki hiyohiyo akamuaga yule mzee, akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni wakili wa kampuni changa. Changa, Mheshimiwa! Mtu anaacha ng'ombe anakwenda kukamua ndama.

2. Wateja wake.

Nilikwenda kumtembelea ofisini nikiwa nimevaa suti. Ofisi yenyewe haina hata mlango wake. Ni chumba kirefu ghorofa ya tatu, meza moja ndefu kama ya harusi, na kila mtu amekaa na kompyuta yake ya kukunja na waya masikioni, hakuna anayemwitikia mwenzake hodi. Nikaomba nionyeshwe mteja. Nikaonyeshwa vijana wawili wenye kandambili. Hao ndio wakurugenzi. Mmoja ni Mkurugenzi Mkuu, mwingine ni Mkurugenzi wa Teknolojia, na mfanyakazi wa kuongozwa hayupo. Biashara yao ni programu ya simu ya kumjulisha mtu kwamba zamu yake kwa kinyozi imefika. Nikauliza kinyozi yuko wapi. Wakasema bado.

Watu wa namna hiyo ndio binti yangu anawakalisha chini na kuwahoji. Jina la kampuni ni la nani? Aliyeandika hiyo programu ni nani, na amekiri kwa maandishi kwamba ni mali ya kampuni, si yake? Mmoja akipata ajira akaondoka, anaondoka na nini? Kisha anawaambia kwamba hisa zao zitaiva kidogo kidogo kwa miaka minne, na atakayeondoka kabla ya mwaka kwisha haondoki na kitu. Mimi nimeishi, Mheshimiwa, na sijaona ndizi inayoiva kwa miaka minne.

Na wakishaelewana hao, wanataka kuvuka mpaka. Hawajampata kinyozi wa hapa, wanataka vinyozi wa nchi tatu. Basi binti yangu anashinda kwenye simu na mawakili wa huko: mara sheria ya kampuni ya huku, mara kodi ya kule, mara lugha ya serikali yao ni nyingine na hati lazima itafsiriwe, mara ofisi ya kuandikisha kampuni imehama jengo na hakuna aliyeambiwa. Bara lote hili anataka kulijua kipengele kwa kipengele. Ndiyo maana nyumbani nimempa jina la Kipengele. Mama yake hapendi, lakini jina limeshashika, na hata kwenye simu yangu nimemwandika hivyo.

3. Hana msaada kwa ukoo.

Mjomba wake, seremala, aligonga nguzo ya umeme kwa gari la kuazima, akawekwa ndani. Kwa furaha kabisa tukampigia wakili wetu wa ukoo. Kipengele akasema mambo ya polisi si fani yake, atamtafutia mwenzake anayeyajua, na kweli alimtafutia, na mjomba akatoka kabla ya jua kuzama. Lakini katika maongezi hayohayo akamuuliza mjomba kama ile karakana yake ya useremala ameiandikisha, na kama yule mshirika wake ana makubaliano yoyote naye. Mtu yuko mahabusu, kavuliwa mkanda, anaulizwa habari za ushirika! Mjomba alisema afadhali maswali ya askari.

4. Uchuro.

Hapa ndipo penyewe. Kazi yake yote ni uchuro, sina neno lingine. Sisi tulilelewa kwamba mtu akianza jambo unamwombea heri na unanyamaza. Yeye, mtu akianza jambo, anamuuliza litakufaje. Kila sentensi yake inaanza na "ikitokea". Ikitokea mmegombana. Ikitokea mmoja amefariki. Ikitokea mmoja ameachana na mkewe, na mke anataka hisa. Watu wamevaa vizuri, wamenunua keki, wanazindua kampuni, yeye anawauliza watazikana vipi. Bibi yangu alimfukuza mgeni kwa kosa dogo kuliko hilo: aliuliza tu kama paa linavuja.

Naomba kujua kama huko chuoni kuna somo la uchuro, na kama lipo, nani anasahihisha mtihani wake.

5. (Lalamiko hili limeondolewa na mke wangu, aliyelisoma wakati nimekwenda kunawa mikono.)

6. Sasa uchuro wenyewe umeingia kwangu.

Mimi na Fundi Kimya tumetengeneza sanduku. Ni bodi la friji bovu, likafumuliwa na kujengwa upya kwa namna ambayo umeme ukikatika asubuhi, baridi inabaki humo mpaka kesho yake. Wauza maziwa wanaligombania. Ninaposema tumetengeneza, Fundi Kimya ndiye aliyelifikiria na kulijenga, na mimi ndiye niliyelieleza kwa watu, na kueleza nako ni kazi. Mwenye duka la vioo akalipiga picha, picha ikazunguka kwenye simu za watu, mara tukaitwa ukumbini tukapewa cheti cha kampuni changa bora. Mimi na mvi hizi, mchanga! Akatokea mwekezaji, akasema ataweka mtaji wake tukiandikisha kampuni na kutia saini mkataba baina yetu wawili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wakili ninaye, nimemzaa.

Tulikutana sebuleni kwangu Jumapili. Kipengele alikuja na mwanasheria mwenzake, kijana mpole mwenye miwani minene. Nikamwonyesha binti yangu kiti cha pembeni yangu. Akakipita. Akaizunguka meza, akavuta kiti, akakaa karibu na Fundi Kimya. Kisha akasema, kwa adabu zote, kwamba katika jambo hili yeye ni wakili wa baba mdogo, ndivyo anavyomwita Fundi Kimya, na wakili wangu mimi ni huyu mwenye miwani, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kusimamia pande mbili.

Pande, Mheshimiwa! Tangu lini mimi na Fundi Kimya tukawa na pande? Meza ile nimeilia chakula miaka yote na sikujua kwamba ina upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini asiwe wakili wangu, mimi baba yake. Akasema baba mdogo alimtafuta kwanza. Nikamuuliza alimtafuta lini, na kwa jambo gani. Akasema hilo hawezi kuniambia. Nikamkumbusha kwamba mimi ni baba yake. Akasema ndiyo, baba, nakuheshimu sana, lakini siwezi kukuambia.

Basi nilisema maneno. Sitayaandika yote kwa sababu barua hii itafunguliwa na katibu wako. Kwa ufupi nilisema kwamba hana adabu, kwamba si wakili bali ni mpiga ramli wa mabaya, kwamba mawakili wa kweli wana majoho na mahakama, na yeye ana nini, ana kandambili za wateja. Nilisema hayo mbele ya mgeni na mbele ya mama yake. Alitazama kikombe chake cha chai, akanisubiri nimalize, akafungua kalamu. Ujeuri wa namna hiyo ndio ninaoulalamikia.

7. Swali lenyewe.

Alimgeukia Fundi Kimya kabisa, uso kwa uso, akalitamka polepole, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: ikitokea mmoja wenu hawezi tena kufanya kazi ya ufundi, itakuwaje?

Nikajibu mimi, kama ilivyo desturi yetu. Nikasema haitatokea, tuendelee na kipengele kingine. Wakili wangu akanivuta shati. Binti yangu akasema anasubiri jibu la baba mdogo. Mke wangu akaacha kumimina chai. Na Fundi Kimya, mtu mzima, mtu ambaye nimemwona akipigwa shoti ya umeme akacheka, akafunika uso kwa viganja akalia. Kisha akainuka, akatoka nje kwenye bomba la maji, akakaa huko hadi chai ikapoa.

Swali moja tu, Mheshimiwa, na mtu analia. Hao wezi wanaoulizwa maswali mahakamani kutwa nzima hawajafikishwa hapo.

8. Tangu hapo mwenzangu si yule.

Kesho yake nilimkuta karakana ameshafika, ameinama anafungua skrubu. Nikamwambia maneno ya yule mtoto asiyatie moyoni, sisi ni sisi. Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka. Mtu niliyegawana naye kila kitu ananipa mgongo! Zamani nikisema neno alikuwa anatikisa kichwa hata akiwa chini ya friji. Siku hizi mpaka nikasimame mbele yake kabisa ndipo anatabasamu, na tabasamu lenyewe ni la mtu anayekisia. Simu ikilia hapokei, ananisukumia mimi. Kazini bado hana mpinzani, hilo lazima niliseme. Zamani alikuwa anatega sikio kwenye kompresa, moyo wa friji, kujua ugonjwa wake, sasa hata sikio hategi, anaweka kiganja tu kama daktari, na mara nyingi anapatia. Juzi hakupatia, mwenye bucha akaja juu, nikamtetea kwa maneno makali, naye Fundi Kimya hata asante hakusema.

Mke wangu anadai kwamba hali hii haikuanza Jumapili ile, kwamba ina zaidi ya mwaka. Ananiambia kimya kingi kina mshindo mkuu, nimwangalie mwenzangu vizuri. Mimi nimemjibu kwamba uchuro ukiwa mkali unaweza kurudi nyuma.

Na kilichonimaliza ni hiki. Wakili wangu mwenye miwani ameniambia kwamba Fundi Kimya anataka mkataba useme hivi: siku atakaposhindwa kazi, sehemu yake yote nichukue mimi, naye aondoke mikono mitupu asije akawa mzigo. Aondoke! Mzigo! Sanduku ni la mikono yake, na anataka kuniachia hivihivi kama mtu anayetupa ganda la yai. Mtu haachi jasho lake namna hiyo ila amechoshwa na mwenzake. Nimefikiria nimemkosea wapi. Nimefikiria mpaka nimekumbuka mambo ya ujana. Sikuona.

9. Maambukizi.

Jana mke wangu kaniuliza, ikitokea nimetangulia, karakana itakuwa chini ya nani. Nikamuuliza anaharakisha nini. Akaniambia mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumeishi nayo nyumba hii miaka yote bila kumdhuru mtu, leo imeamka. Jirani yetu mshonaji na wifi yake, wanaotumia cherehani moja, wameamua kuandikiana siku za zamu. Mwenye duka la vioo ameanza kumtazama kaka yake kwa jicho la kuhesabu. Mtaa mzima unaulizana itakuwaje. Watu wakishazoea kuulizana mambo mapema hivi, magomvi yatatoka wapi? Na magomvi yakikosekana, Mheshimiwa, hao mawakili wako wenye majoho watakula nini? Nakuambia kwa faida yako.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Binti yangu apigwe marufuku kutamka neno "ikitokea" akiwa kwangu, akiwa karakana, na akiwa kwenye simu na mama yake. Apewe kesi ya kweli, hata iwe ndogo, hata ya kuku. Uwakili wa kampuni changa uachiwe watoto ambao wazazi wao hawana washirika.

Na ombi kubwa kuliko yote: umwamuru akuambie wewe, nawe uniambie mimi, Fundi Kimya alimfuata kwa jambo gani. Najua mna taratibu zenu kwamba siri ya mteja haitoki. Ni taratibu nzuri kabisa kwa wateja wa kawaida. Lakini huyu si mteja, huyu ni mwenzangu. Kama nimemkosea, nataka nijue kosa, nimwombe radhi, turudi kazini bila karatasi. Sitaki mtaji wa mtu, wala cheti, wala karakana ile akiwa hayumo. Alipokwenda msibani kwao nilibaki humo peke yangu nikawa naongea na friji, na hakuna hata moja iliyotikisa kichwa. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Nisalimie makamu wako, katibu wako, na mhasibu. Nisalimie mlinzi wa getini kwenu, aliyenizuia nilipokuja kuonana nawe bila ahadi, alikuwa sahihi na alinipa maji. Nisalimie mawakili wote wa joho na wote wa kandambili, kila mmoja kwa cheo chake.

Aliyekuandikia kwa hasira lakini kwa mwandiko mzuri ni mimi,

Baba yake Kipengele,
Fundi wa friji,
Nyuma ya duka la vioo.

N.B. Mheshimiwa, barua hii naituma kwa sababu nimeshabandika stempu. Tafadhali isome, lakini usiifanyie kazi.

Nilipoimaliza niliichukua hadi karakana nimsomee Fundi Kimya kabla sijaifunga, ajue kwamba nampigania. Nikasimama dirishani penye mwanga, nikaisoma yote kwa sauti, pamoja na namba zake. Nilipomtazama alikuwa ananitabasamia lile tabasamu. Akanyoosha mkono akaichukua, akaisoma mwenyewe kuanzia juu. Alipofika namba ya nane akakaa chini. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kwamba katika yote niliyosoma hakusikia neno hata moja.

Sikio la kulia lilikwenda mwaka jana, na la kushoto linalifuata. Daktari amemwambia hayarudi. Aliogopa kuniambia, kwa kuwa fundi asiyesikia kompresa alijiona si fundi tena, na kwa kuwa, amesema hivi na mimi naandika hivi, kila alipoanza kuniambia nilikuwa nimeshaanza kuongea mimi. Alikwenda kwa binti yangu hata kabla ya kumwambia mkewe, maana alijua wakili hana ruhusa ya kusema. Binti yangu akamwambia siri yake ataitunza, lakini hilo la kuachia jasho lake hatamwandikia mpaka amweleze mwenzake kwanza. Fundi Kimya akamjibu kwamba hawezi kulianza. Akamwomba, basi niulize wewe mbele yake, labda nitaweza kujibu.

Kwa hiyo binti yangu alijua. Jumapili ile namwita mpiga ramli mbele ya mgeni, alikuwa anajua, na angeweza kuninyamazisha kwa sentensi moja. Akatazama kikombe cha chai.

Nimelia, Mheshimiwa, na katibu wako akisoma hapa na asome. Tulikaa kutwa nzima tukiandikiana kwa chaki kwenye mlango wa friji, tunafuta tunaandika tena, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane yeye ndiye aliyesema mengi. Ijumaa tunatia saini. Sehemu yake haiendi popote, akiweza kazi asiweze, na hilo limeandikwa ili hata mimi nisije nikalibadilisha kwa kuongea. Yeye atajenga, mimi nitamsikilizia kompresa. Ameanza kunifundisha. Anasema itachukua muda, kwa sababu mimi sijawahi kusikiliza kitu chochote maishani mwangu.

Nikampigia simu binti yangu nimwombe radhi. Nilisikia sauti yake inalegea. Kisha akakohoa, akasema kwamba mpaka saini ziwekwe yeye bado ni wakili wa upande wa pili, kwa hiyo chochote kinachohusu jambo hili nikipitishe kwa wakili wangu. Nimekwenda kwa mwenye miwani. Ameniandikia radhi kwa lugha safi ya kisheria, ina vipengele vinne, na kesho asubuhi anampelekea kwa mkono. Vitatu ni vyake. Cha nne nimekidai mimi, ingawa ananiambia hakina nguvu yoyote kisheria. Kinasema kwamba binti yangu ni wakili.